Diwani Aliambiwa

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Kamati mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, nayo yachapwa katika Taarifa hii kwa agizo la wanachama



Kamati yenu iliniagiza niseme maneno machache juu ya namna wakazi wa mtaa wanavyopaswa kuyafikisha mambo yao kwa diwani. Nilipopewa kazi hii nilitaka kukataa, kwa kuwa mimi si mwanasiasa wala mwanasheria. Ni karani, na riziki yangu naipata kwa kupokea barua, kuzipa nambari na kuziweka mahali pake. Lakini Mzee Mweka Hazina alinijibu kwamba ndiyo sababu hasa ya kuchaguliwa kwangu, maana waliokwisha kutuhutubia juu ya haki zetu ni wengi, na wa kutufundisha kuandika barua hajapatikana bado.

Basi nilianza kama karani aanzavyo. Niliomba kitabu cha kumbukumbu za mikutano yetu, nikakisoma kwa jioni tatu, tangu mkutano wa kwanza wa mwaka 2021 hadi ule wa mwezi uliopita, nikitafuta kila mahali lilipotajwa neno diwani. Nililiona mara kumi na saba. Katika mara hizo kumi na saba, kumi na moja zimeandikwa hivi, wala siongezi neno: "Diwani aliambiwa." Hakuandikwa aliyemwambia, wala siku, wala mahali, wala alichojibu. Mkutano ukaendelea na jambo lililofuata, ambalo mara nyingi lilikuwa ni michango.

Moja la mambo hayo aliyoambiwa diwani ni bomba la maji taka lililopasuka nyuma ya chekechea. Nyote mwalijua, kwa kuwa hakuna aingiaye sokoni kwa njia ya mkato asiyeshika pua. Katika kitabu chetu laonekana kwa mara ya kwanza mwezi Machi 2022. Laonekana tena Juni, na Novemba, na mwaka uliofuata mara mbili. Kila mara diwani aliambiwa. Na maji yale yangali yakipita hata leo mbele ya lango la watoto, nao wamejifunza kuruka juu ya mawe matatu tuliyoyapanga sisi wenyewe. Mwaka huu, baada ya mvua za masika, watoto wanne wa wanachama wetu walilazwa kwa ugonjwa wa kuhara. Sisemi kwamba daktari alithibitisha kuwa ugonjwa ulitoka katika mfereji ule. Nasema tu kwamba mama zao hawana haja ya kuthibitishiwa, na mmoja wao ameketi hapa mbele yangu.

Niliwaendea wenzetu waliokuwapo katika mikutano ile nikawauliza: ni nani aliyemwambia diwani, na wapi? Mmoja alisema alimwambia msibani, walipokuwa wakinawa mikono. Wa pili alimwambia kwa simu, ila simu ikakatika. Wa tatu alimwambia dereva wake. Wa nne, mzee ninayemheshimu sana, aliniambia, "Mwanangu, mimi sikumwambia, lakini nilijua ameambiwa."

Kisha nikaenda ofisini kwa diwani mwenyewe. Hakuwapo siku hiyo, lakini karani wake alinipokea vizuri, makarani wajuana. Nilimwuliza kama ana habari ya bomba letu. Akanitolea daftari lake la mambo yaletwayo na watu wa wadi. Mambo ya mtaa wetu yaliyoandikwa humo yalikuwa mawili: ombi la karo na ombi la hema la mazishi. Yote mawili tulikuwa tumepewa.

Kabla sijaendelea yanipasa kusema habari yangu mwenyewe, isije ikadhaniwa kwamba nasimama hapa kuwahukumu wengine. Miaka kadhaa iliyopita, katika mji mwingine ambao sitautaja, nilikuwa karani mdogo wa kupokea barua katika ofisi moja ya umma. Siku moja ililetwa karatasi iliyochanwa katika daftari la shule. Yasema, "Sisi wananchi tumechoka na daraja, tutaanguka lini ndipo mjue." Chini yake: "Wakazi." Haikuwa na tarehe, wala jina la mtaa, wala jina la mtu hata mmoja ambaye ningeweza kumjibu. Mkubwa wangu alikuwa amenifundisha kwamba barua isiyo na mwenyewe haijibiwi. Niliigonga muhuri, nikaitia katika faili la "Mengineyo". Faili hilo, Bwana Mwenyekiti, ni kaburi lisilo na msalaba.

Lakini daraja lile nililijua. Lilikuwa la mbao, la kuvukia kijito kwa miguu, nami nililipita kila Jumapili nikienda kanisani, nikichagua mbao za kukanyaga. Mvua kubwa ilipokuja, mama mmoja mzee aliyekuwa akiuza sukuma wiki ng'ambo ya pili alitumbukia pamoja na kikapu chake, akavunjika nyonga. Hakurudi tena kuuza. Nilipoitafuta ile karatasi niliiona pale pale nilipoitia. Ni kweli barua ilikuwa na upungufu, na upungufu huo ndio nitakaowaeleza leo. Ila waliyoiandika walisema kweli, na aliyekuwa na kalamu ya kutimiza upungufu wao, kuuliza daraja ni lipi na kuandika jibu, ni mimi. Sikufanya. Tangu siku hiyo sioni barua ya wakazi nikaipita.

Sasa nirudi kwa diwani. Naona kwamba sehemu kubwa ya taabu yetu ni kuwa twamwomba diwani asiyekuwapo tena. Wazee wetu wamkumbuka diwani wa zamani, na wana haki kumkumbuka. Mabaraza ya Wenyeji yaliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1924 yaliongozwa na Mkuu wa Wilaya Mzungu, na mzee aliyeketi humo alikuwa mshauri zaidi ya kuwa mwamuzi. Kisha mambo yalibadilika. Mwaka 1962 Charles Rubia akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Nairobi, na watu wakaona kwamba baraza la mji laweza kuwa lao. Lakini lililo lako laweza kuchukuliwa. Mwanzoni mwa mwaka 1970 mabaraza ya wilaya yaliondolewa shule za msingi, afya na barabara, zikaenda Serikali Kuu. Na mwaka 1983 Baraza la Jiji la Nairobi lenyewe lilivunjwa, jiji likaongozwa na tume ya kuteuliwa hadi mwaka 1992. Wako humu waliolipa kodi ya nyumba kwa miaka yote hiyo bila ya kuwa na diwani wa kumlalamikia.

Hata hivyo mabaraza yale, yaliyofikia 175 hadi yalipokoma mwaka 2013, yalikuwa na tabia moja ambayo imebaki katika vichwa vyetu. Baraza lilikuwa ni mtunga sheria ndogo na mtenda kazi kwa pamoja. Madiwani walikaa katika kamati zao, wakaazimia, na maofisa wa baraza wakatekeleza. Diwani mwenye sauti katika kamati aliweza kuona kazi ikifanyika upesi. Ndiyo maana hata leo askari wa kaunti twamwita "kanjo", ingawa kansili yenyewe imekwisha kuzikwa. Neno limeishi kuliko mwenye neno.

Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 iliyatenganisha mambo hayo mawili. Tangu uchaguzi wa Machi 2013 nchi ina kaunti 47 na wadi 1,450, na kila wadi humchagua mtu wake wa kuketi katika Bunge la Kaunti. Twamwita diwani kwa mazoea, na magazeti humwita hivyo, lakini kazi yake si ile ya diwani wa zamani. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 9, yamtaka awe karibu na wapiga kura na kushauriana nao, ayapeleke maoni yao bungeni, na awe kiungo baina yao na Bunge katika habari za huduma za umma. Na kifungu hicho hicho chamkataza kujiingiza katika kazi za utendaji kana kwamba yeye ni ofisa wa kaunti. Hana trekta, na fundi wa mabomba si mtu wake wa kutumwa. Akituahidi kwamba kesho atalitengeneza bomba, ama haijui sheria, ama anatupendeza.

Je, ana nini basi? Ana kinywa bungeni na kiti katika kamati. Aweza kuuliza, na ofisa akalazimika kujibu mbele ya watu na maneno yake yakaandikwa. Aweza kupiga kura juu ya makadirio ya fedha. Mtu mwenye uwezo wa kuuliza hufaa kitu kimoja tu, nacho ni kupewa swali lililo kamili. Sisi twampa uchungu wetu, naye ana uchungu wa kila mtaa wa wadi nzima.

Yafaa pia tujue lipi ni la kaunti na lipi si lake, tusije tukamchosha mtu kwa jambo lisilo mkononi mwake, kisha tukasema ametudharau. Jedwali la Nne la Katiba lapanga kazi hizi. La kaunti ni taka, soko, taa za barabarani, barabara za kaunti, maji na usafi, zahanati na vituo vya afya, chekechea, makaburi, leseni za biashara na za vilevi. Polisi si wake. Shule ya msingi si yake, wala sekondari. Chifu ni mtu wa Serikali ya Taifa. Katika kumbukumbu zetu za mwaka 2023 diwani aliambiwa habari ya kituo cha polisi kisicho na gari, na habari ya walimu wachache. Maneno hayo yalikuwa ya kweli, lakini tuliyapeleka kwenye mlango usio wake. Barabara ndizo ngumu zaidi. Barabara za mtaa wetu zafanana kwa mashimo lakini huenda zisifanane kwa mwenyewe, kwa kuwa nyingine za miji ziko chini ya mamlaka ya barabara ya Serikali ya Taifa. Kwa habari hiyo nashauri tuulize kwa maandishi kwanza kabla ya kulaumu: barabara hii ni ya nani? Katiba, kifungu cha 35, yampa raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 yaitaka ofisi ijibu katika siku 21. Na habari ikigusa uhai au uhuru wa mtu, katika saa 48. Ni wachache humu waliopata kuitumia sheria hiyo. Nami mwenyewe niliijua kwa kazi, si kwa sababu mtu alikuja kunidai.

Tena kuna majira. Serikali ya kaunti ina majira yake kama shamba lilivyo na yake, na apandaye wakati wa kuvuna hujilaumu mwenyewe. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kufikia tarehe 1 Septemba mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata huwa umepelekwa katika Bunge la Kaunti. Kufikia tarehe 28 Februari unapelekwa waraka wa mkakati wa fedha, ambao hugawa ni kiasi gani kiende kwenye maji, kiasi gani kwenye barabara. Kufikia tarehe 30 Aprili makadirio yenyewe yamefika, nayo hupitishwa kabla ya Juni kwisha. Sasa tazameni sisi. Mambo ya mtaa huyazungumza sana katika mkutano wa Novemba, watu wakiwa wamekwisha kufikiria nauli ya kwenda nyumbani Krismasi, na tena mwezi wa Mei, mvua ikiwa imekwisha kuingia vyumbani. Novemba mpango umeshapita. Mei umebaki mlango mmoja tu, ndio ule wa kamati ya bajeti kusikiliza maoni ya umma, na tangazo lake hutolewa siku chache kabla, nasi hatuna mtu aliyeagizwa kulitafuta. Mtaa wa jirani ulipata mtaro mpya wa maji ya mvua, na baadhi yetu wakasema ni upendeleo. Nilimwuliza katibu wao. Walipeleka karatasi mwezi wa Agosti, miaka miwili mfululizo.

Lakini tusichanganye. Mtaro mpya ni jambo la bajeti, hungoja majira yake. Bomba lililopasuka ni jambo la matengenezo, nalo halingoji mwezi wala mwaka. Hilo hupelekwa kwa meneja wa kampuni ya maji inayohudumia mji, nakala kwa msimamizi wa wadi, nakala kwa diwani. Asipojibu meneja, ndipo diwani anapopata swali la kuuliza: barua hii ilipokewa siku fulani, kwa nini haijajibiwa? Na diwani akinyamaza, lipo jambo la tatu. Kifungu cha 37 cha Katiba chatupa haki ya kuwasilisha maombi kwa mamlaka za umma. Sheria ya mwaka 2012 niliyoitaja, kifungu cha 15, yampa mtu yeyote haki ya kupeleka ombi katika Bunge la Kaunti. Na kifungu cha 89 chaziagiza mamlaka za kaunti ziyajibu maombi ya raia bila kukawia. Ombi hilo hupelekwa kwa Karani wa Bunge. Halihitaji kupitia kwa diwani, ingawa ni adabu njema kumjulisha.

Mtaniuliza: barua yenyewe iandikweje? Wengi wetu tukiandika kwa serikali huanza na salamu za nusu ukurasa, tukamwombea msomaji afya na watoto, na jambo lenyewe likaja mwishoni likiwa limechoka. Wengine huanza na matusi. Yote mawili humpa karani sababu ya kuiweka barua kando. Kiswahili chatosha, ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi pia kwa kifungu cha 7 cha Katiba, kwa hiyo asiwepo wa kutuambia tutafute mtu wa Kiingereza. Barua iwe na tarehe, na anwani na nambari ya simu ya mtu mmoja wa kujibiwa. Iseme jambo moja, si saba, maana barua yenye mambo saba itakwenda katika idara saba kwa maneno ya mdomo, na katika faili moja kwa karatasi. Iseme mahali kwa namna ambayo fundi mgeni atapafikia bila kuuliza. Iseme tangu lini, na ni nani anayeumia. Iseme twataka nini. Hilo la mwisho husahauliwa sana. Nimesoma barua za kurasa nne nisijue waandishi walitaka nini ila kuhurumiwa.

Nimeandika mfano, nanyi mtausahihisha:

"Bwana Meneja, Twakuarifu kwamba bomba la maji taka limepasuka katika njia iliyo nyuma ya chekechea, hatua kumi na tano kutoka langoni, upande wa soko. Maji machafu yametiririka mahali hapo tangu Machi 2022. Watoto wa chekechea hupita juu yake kila siku ya masomo. Twaomba mambo mawili: kwanza, mtu wenu aje apatazame katika siku saba, nasi tutampa mwenyeji wa kumwongoza, pili, tujulishwe kwa maandishi siku ambayo bomba litatengenezwa. Sisi ambao majina, nambari za vitambulisho na sahihi zetu zimo katika karatasi iliyoambatanishwa, ni wakazi wa mtaa huu."

Hayo tu. Kisha barua ipelekwe na watu watatu, mmoja wao awe mama wa mtoto asomaye pale. Wachukue nakala mbili, na ile ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa mbele ya macho yao, tarehe ikisomeka. Karani akisema muhuri umefungiwa na mwenye ufunguo ametoka, wakae wangoje. Nami nawaambia kwa siri ya kazi kwamba mwenye ufunguo huwa hajaenda mbali. Nakala hiyo yenye muhuri ndiyo mali. Bila hiyo tutakuwa tumerudi pale pale pa "aliambiwa".

Wazee wangu, sasa nina neno lisilopendeza, nami niliomba ruhusa ya Bwana Mwenyekiti kabla ya kulisema. Mzee mmoja alinikemea katika Kamati, akasema, "Diwani huyu alituletea hema na viti siku tulipomzika mwenzetu, na akaweka mkononi mwa mjane bahasha. Leo wataka tumshitaki kwa bomba?" Neno lake lina uzito, kwa kuwa mtu aliyekulilia msiba si wa kumgeukia. Lakini nimelifikiri kwa siku nyingi. Bahasha ile yatoka mfukoni mwake, nasi hatuna haki nayo. Bomba ni la kodi zetu na bili zetu za maji, nasi tuna haki nalo. Tukizoea kupokea kile tusichokuwa na haki nacho, twaona haya kudai kile kilicho chetu. Naye diwani ajua hivyo. Hema moja ni rahisi kuliko maswali ya mwaka mzima bungeni. Simlaumu sana, ni sisi tulioandika katika daftari lake kwamba shida yetu ni hema.

Kwa hiyo Kamati yaleta pendekezo, nalo litapigiwa kura baada ya hesabu kusomwa: kwamba chama kinunue hema lake na viti, kwa kutenga sehemu ya michango ya kila mwezi hadi fedha zitimie, ili misiba yetu tuizike sisi wenyewe kama vyama vya ustawi vilivyofanya tangu zamani. Diwani akija msibani aje kama jirani, anywe chai kama wengine.

Jambo lililo karibu na hilo ni kura. Wengi wetu tumejiandikisha kupiga kura nyumbani, kwa kuwa huko ndiko kwenye makaburi ya baba zetu, na siku ya uchaguzi twapanda basi. Sikatazi. Lakini mtu akaaye mjini miaka ishirini, watoto wake wakizaliwa mjini, akapiga kura mahali ambapo bomba lake halipo, asistaajabu diwani wa hapa akimtazama kama mpita njia. Sheria ya maombi haimwulizi mtu amejiandikisha wapi, na hiyo ni bahati yetu. Diwani yeye huuliza, ingawa hatamki. Kila mtu alitazame jambo hili nyumbani kwake pamoja na mkewe au mumewe. Mimi nimekwisha kuhamisha jina langu, na baba yangu hajafurahi bado.

Mwisho wa maneno yangu ni kazi. Nimefungua daftari jipya, lenye safu za tarehe, jambo, barua ilikopelekwa, siku iliyopokewa, jibu, na siku ya kukumbusha. Kuanzia mkutano ujao neno "diwani aliambiwa" halitaandikwa tena katika kumbukumbu na karani huyu, hata akiagizwa na mzee. Ataandika nambari ya barua, au ataandika kwamba hakuna aliyemwambia. Watu watatu wa kupeleka barua ya bomba wamekwisha kukubali, nao ni Mama Mwenyekiti wa Akina Mama, Mzee Mweka Hazina, na mama yule niliyesema ameketi mbele yangu. Wataondoka Jumatatu saa mbili asubuhi.

Barua yenyewe iko juu ya meza karibu na mlango, pamoja na karatasi ya sahihi na kalamu mbili. Wasiokuja na vitambulisho wapite nyumbani, tutawangoja hadi jioni. Na wazee ambao macho hayawaruhusu kuandika, wino wa kidole gumba upo.